Kwa nini miguu inakufa kilomita ya 15: jibu kwa mkimbiaji wa Iyunga

Swali: "Kocha, habari za kazi. Nina miaka 36, naishi Iyunga hapa Mbeya, nauza nguo sokoni Mwanjelwa. Nina miaka miwili tangu nianze kukimbia. Kilomita 10 nimewahi kumaliza kwa dakika 54. Nusu marathoni nimekimbia moja tu: kilomita 5 za kwanza nilizipita kwa dakika 26, kufika ya 15 miguu ikafa, nikatembea, nikamaliza kwa saa 2 na dakika 19. Nafanya mazoezi siku tano kwa wiki, kila siku kilomita 8. Nashuka kuelekea Mbalizi kilomita nne, nageuza, narudi. Dakika 45 hivi. Sasa ugoko wa kushoto unauma. Mwishoni mwa Februari nataka kwenda Moshi, Kili Marathon, ile ya kilomita 21, nimalize chini ya saa 2. Zimebaki wiki 14. Niongeze siku ngapi za mazoezi?"

Jibu: Dada, usiongeze hata siku moja. Siku tano zinakutosha. Shida iko kwenye namna unavyozitumia, na umeiandika mwenyewe kwenye swali lako bila kuiona.

Kilomita 8 kwa dakika 45 ni dakika 5 na sekunde 37 kwa kila kilomita. Siku uliyokimbia kilomita 10 kwa nguvu zako zote ulienda dakika 5 na sekunde 24. Tofauti ya mazoezi yako ya kila siku na mashindano yako bora ni sekunde 13 tu, tena nusu ya mazoezi hayo ni mlima wa kurudi nyumbani. Maana yake unashindana mara tano kwa wiki, na siku ya mashindano yenyewe unafika umeshachoka. Halafu kwenye nusu marathoni ukaanza kwa dakika 5 na sekunde 12 kwa kilomita, yaani haraka kuliko mwendo wako bora wa kilomita 10, ukiwa na kilomita 16 mbele yako. Kilomita ya 15 ilikuwa inakudai deni la kilomita ya kwanza.

Rudi kwenye mchakamchaka

Aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaujua mwendo wa mchakamchaka: mmoja anaongoza wimbo, wengine wanaitikia, na miguu haisimami. Ukienda kasi kiasi cha kushindwa kuitikia, huo si mchakamchaka tena. Kati ya siku zako tano, nne ziwe hivyo. Kama unakimbia peke yako, sema kwa sauti sentensi nzima yenye maneno kumi hivi, au sala unayoijua kwa moyo, bila kuikata katikati ili uvute hewa. Ukiikata, punguza.

Ukitaka namba, kwenye tambarare mwendo wako wa taratibu ni kati ya dakika 6 na sekunde 40 na dakika 7 na sekunde 15 kwa kilomita. Lakini Mbeya tambarare ni za kutafuta kwa tochi, kwa hiyo saa ya mkononi itakudanganya. Tumia mapigo ya moyo. Zidisha umri wako kwa 0.7, toa kwenye 208: kwa miaka 36 unapata mapigo 183 kwa dakika kama kikomo cha makadirio. Asilimia 65 hadi 75 ya hapo ni mapigo 119 hadi 137. Simama, weka vidole viwili pembeni mwa koo, hesabu sekunde 15: ukipata 30 hadi 34 uko sawa. Ukipata 40, ulikuwa unashindana na mtu ambaye hayupo.

Mlimani utalazimika kwenda kwa dakika 8 kwa kilomita, na pengine kutembea. Tembea. Watu wa bodaboda watakucheka wiki mbili za kwanza, kisha watazoea. Kinachowashinda wengi hapa ni aibu, maana mapafu yao hayana shida yoyote.

Kuna sababu nyingine ya kutoamini saa. Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 82 ya ule wa pwani. Kila pumzi inaingiza oksijeni pungufu. Mwili wako umeshazoea, lakini hata mtu aliyezaliwa chini ya mlima Loleza hawezi kukimbia mbio ndefu hapa kwa kasi ambayo angeipata Tanga akiwa na hali ya hewa nzuri. Kwa hiyo usichukue jedwali la mwendo lililoandikwa kwa watu wa pwani ukajilazimisha kulifuata Uyole.

Mwendo huu wa taratibu unajenga nini? Unaongeza vimishipa vidogo vya damu ndani ya misuli, unaongeza mitokondria, yaani vile vinu vya nishati ndani ya chembe za misuli, na unaufundisha mwili kuchoma mafuta na kuibakiza sukari. Mtu wa kilo 60 anatumia takriban kalori 60 kwa kila kilomita, sawa na kalori 1,270 kwa kilomita 21. Akiba ya wanga kwenye misuli na ini ya mtu aliyekula vizuri huwa kati ya kalori 1,600 na 2,000. Kwa hesabu hiyo haukupaswa kuishiwa. Lakini ukianza kwa kasi iliyopita kiwango chako, karibu nishati yote inatoka kwenye wanga, tindikali inajaa miguuni mapema, na misuli ya mapaja ambayo haijawahi kukimbia zaidi ya kilomita 8 mazoezini inakataa. Mazoezi yako ya kila siku yalikuwa magumu mno kukujenga polepole na mafupi mno kukuzoesha umbali, kwa hiyo umekosa faida ya pande zote mbili.

Ugoko kwanza

Kabla ya ratiba, tujue ugoko wako una nini. Kaa chini, pitisha kidole gumba kwenye ukingo wa ndani wa mfupa kuanzia kifundo cha mguu kwenda juu. Kama maumivu yametawanyika kwenye eneo refu, sentimita tano na zaidi, yanakusumbua ukianza kukimbia na kulegea ukishapata joto, hayo ni maumivu ya ngozi ya mfupa na misuli inayoshikana nayo. Yanapona kwa kupunguza mzigo. Lakini kama kuna nukta moja tu, ukiibonyeza unaruka, inauma usiku umelala, au huwezi kuruka mara kumi kwa mguu huo mmoja, acha kukimbia leo hii na uende hospitali. Huo unaweza kuwa mfupa ulioanza kupata ufa. Eksirei ya siku za mwanzo inaweza isionyeshe kitu, ufa huo mara nyingi huonekana wiki mbili tatu baadaye, kwa hiyo picha safi isikurudishe barabarani wakati mguu bado unalia.

Nikichukulia kwamba ni ile hali ya kwanza, ambayo ndiyo ya wengi, chanzo chake ni ile kilomita nne ya kushuka kila asubuhi kwenye lami. Ukishuka, kila hatua inatua kwa kishindo kikubwa kuliko kwenye tambarare, na misuli inafanya kazi ya breki huku inavutwa. Breki ndiyo inayochana nyuzi za misuli, ndiyo maana mtu akishuka mlima kesho yake hawezi kushuka ngazi ingawa alipopanda hakuhisi kitu. Ongeza na kusimama dukani kutwa nzima, pengine kwa ndala.

Wiki mbili za kwanza kata umbali hadi nusu, kilomita 20 kwa wiki, zote kwenye udongo na bila mteremko mkali. Kila jioni simama ukingoni mwa ngazi au tofali, visigino vikining'inia, panda kwa vidole, shuka polepole kwa hesabu ya tatu: mara 15, seti tatu. Ukiweza bila maumivu, wiki ya tatu fanya kwa mguu mmoja mmoja. Misuli ya shavu la mguu ikiwa imara, mfupa unapata msaada. Wengi huacha zoezi hili maumivu yakiisha; lifanye hadi siku ya safari ya Moshi.

Na fupisha hatua. Hesabu mara ambazo mguu wa kulia unagusa chini kwa sekunde 30, zidisha kwa nne. Ukipata 150, huenda unarusha miguu mbele ya mwili na kutua kwa kisigino. Sogea taratibu hadi 168 au 172. Hatua fupi nyingi hazina maana ya kwenda kasi, unaweza kwenda mwendo wa bibi harusi kwa hatua 170 kwa dakika.

Wapi pa kukimbilia

Achana na barabara kuu ya Tunduma. Mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi hauhitaji maelezo kwa mtu wa Iyunga: malori ya mizigo, breki zilizochoka, na ukungu. Tafuta barabara za udongo za mitaani, uwanja wa shule au njia za mashambani. Uwanja kamili wa mpira wenye mita 105 kwa 68 ukiuzunguka kwenye mistari unapata kama mita 346. Viwanja vya shule havilingani, upime kwa hatua au kwa simu mara moja, uandike. Mizunguko inachosha akili, nakubali, lakini kwa wiki hizi mbili ni dawa. Palipo lazima barabarani, kimbia upande wa kulia ukitazamana na magari, na uvae kizibao kinachoakisi mwanga, kile cha bodaboda. Alfajiri ya saa 11 usiende peke yako. Klabu ya jogging ya mtaani ni kampani nzuri ya siku za taratibu, ila uage mapema, maana karibu zote zina tabia ya kugeuza kilomita ya mwisho kuwa fainali.

Mazoezi yako yataangukia msimu wa mvua, Novemba hadi Februari. Hapa mvua nyingi hupiga mchana na jioni, kwa hiyo asubuhi ndiyo yako. Ngurumo ikisikika, ingia ndani na usubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Viatu vikilowa, toa soli ya ndani, jaza magazeti, yabadilishe baada ya saa mbili, weka penye upepo. Usiviweke kando ya jiko la mkaa. Gundi inalegea, sponji inakakamaa, na viatu vya elfu hamsini vinakufa usiku mmoja.

Tukiwa kwenye viatu: nyingi za raba za Mwanjelwa ni mitumba, na mtumba mzuri ni bora kuliko kipya cha bandia. Wewe ni mtu wa soko, macho unayo. Angalia lebo ndogo ndani ya ulimi, kampuni nyingi huchapa mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Kikizidi miaka mitano au sita, sponji na gundi vimeshazeeka hata kama soli inang'aa. Bonyeza sponji ya pembeni kwa kidole gumba: iingie na irudi. Ikiwa ngumu kama ubao, au ina mikunjo mingi ya kulala kama shati lililokaliwa, acha. Kiweke mezani ukiangalie kwa nyuma. Kikiegemea upande mmoja, kimeshachukua umbo la mguu wa mwenyewe wa kwanza na kitakupeleka huko. Kikunje: kivunjike penye vidole, siyo katikati. Jaribu jioni baada ya kazi, miguu ikiwa imevimba kidogo, na uache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu. Kiatu cha mbio huishi kilomita 500 hadi 800 kikiwa kipya. Cha mtumba hujui kimetembea ngapi, kwa hiyo kipe 300 na uanze kukiangalia kila wiki. Hicho cha Moshi kinunue kabla ya wiki ya nane, kisije kikakupa malengelenge siku ya kazi.

Wiki 14

Mazoezi marefu yawe Jumamosi alfajiri kabla hujafungua duka, Jumapili ubaki na kanisa na familia. Kwa mwendo wa mchakamchaka, wiki kwa wiki, umbali wa Jumamosi uwe hivi: 8 na 10, halafu 12, halafu 10 ya kupumzika, 13, 15, 17, kisha shuka hadi 12, 18, 19, 20, baada ya hapo 15, 11, na wiki ya 14 ni mbio. Ile ya kilomita 20 itakuchukua saa 2 na dakika 20 hivi, ndivyo inavyotakiwa. Mwili unajengeka zaidi kwa muda wa kukaa miguuni kuliko kwa sifa ya kasi. Jumla ya wiki isizidi kilomita 50 au 52 hata kwenye kilele.

Jumatatu na Ijumaa pumzika. Jumatano na Alhamisi ni mchakamchaka wa dakika 40 hadi 55 (wiki mbili za kwanza zifupishe ili jumla ya wiki ibaki zile kilomita 20), Jumapili jioni ukijisikia, dakika 30, au ruka. Inabaki Jumanne, siku pekee ya jasho la kweli.

Wiki tatu za kwanza Jumanne hakuna kitu kigumu: kimbia taratibu dakika 35, mwishoni ongeza kasi kwa wepesi kwa sekunde 20, mara sita, ukitembea dakika moja kati. Wiki ya nne hadi ya saba ni kilima. Chagua mpando wa wastani wa udongo, usiwe ukuta; panda kwa nguvu inayodhibitiwa sekunde 60 hadi 75, shuka ukitembea. Anza na mara sita, fika kumi. Kosa la kawaida ni kupanda wa kwanza kama mwizi anayekimbizwa na wa sita kwa kujivuta. Mpando wa kwanza na wa mwisho ilingane. Wiki ya nane hadi ya 12 ni mwendo wa kubana, ule ambao unaweza kusema maneno matatu tu kwa pumzi moja. Kwako ni dakika 5 na sekunde 30 hadi 40 kwa kilomita penye tambarare. Dakika 8 mara tatu, pumziko dakika mbili za kujikongoja. Ongeza hadi dakika 15 mara mbili. Pasha mwili dakika 15 kabla, na 10 baada.

Kuna zoezi moja ambalo watu wa nyanda za juu mnalipata bure na watu wa Dar wanalitamani. Wiki ya tisa, ya kumi na ya 11, baada ya kilomita ya 12 ya Jumamosi, tafuta mteremko mpole wa kilomita mbili wa udongo na uushuke kwa mwendo wa mbio, hatua fupi, mwili umeinama kidogo mbele kuanzia vifundoni, si kiunoni. Ni kwa sharti ugoko uwe kimya wiki tatu mfululizo. Utajua sababu tukifika Moshi.

Damu na chai

Mwanamke anayekimbia na kuona hedhi anapoteza madini ya chuma kwa njia mbili, na kwenye mwinuko mwili unayahitaji zaidi kutengeneza chembe nyekundu za damu. Kabla hujalaumu mazoezi kwa uchovu, pima damu kituo cha afya. Wingi wa damu ukiwa chini ya gramu 12 kwa desilita, kwa mwanamke asiye mjamzito ni upungufu, na hakuna ratiba itakayokusaidia hadi utibiwe. Usinunue vidonge vya chuma kwa kukisia. Chuma kikizidi nacho ni sumu.

Kwenye chakula, maharage, dagaa, mboga za majani na nyama kidogo vinatosha kama huviharibii kazi yake. Kinachoharibu ni chai. Tumezungukwa na mashamba ya chai ya Rungwe na tunakunywa na kila mlo, lakini chai hunasa madini ya chuma tumboni. Kunywa saa moja kabla au baada ya kula. Kwenye mboga kamua ndimu, hiyo inasaidia chuma kuingia.

Wanga Mbeya haujawahi kuwa tatizo. Jioni kabla ya mbio ndefu kula wali, ugali au viazi mviringo kwa kiasi chako cha kawaida na kidogo juu yake, punguza mafuta. Asubuhi, saa mbili na nusu kabla, viazi vya kuchemsha au mkate na asali. Maharage, parachichi na maziwa yasubiri mchana: vinakaa tumboni na vingine vinakuita kichakani. Kichomi cha ubavuni kwa kawaida huja kwa kula karibu mno au kunywa kinywaji kitamu kwa wingi mara moja.

Moshi yenyewe

Moshi iko mita 800 hadi 900. Utapata hewa nzito zaidi, na utafurahi kwa dakika kumi. Kisha joto litakukumbusha kuwa ni Februari, mwezi wa joto kali kule, wakati wewe umetoka kwenye sweta. Mwili unachukua siku 10 hadi 14 kuzoea: kutoa jasho mapema na kuongeza maji ya damu. Wiki mbili za mwisho, mara tatu kwa wiki, kimbia mchakamchaka wa dakika 40 saa 8 mchana ukiwa na shati la mikono mirefu na koti jepesi. Ukiwa na ndugu Kyela, wiki ya 12 fanya kilomita 15 zako huko. Joto la kando ya Ziwa Nyasa litakufundisha zaidi ya maneno yangu.

Njia ya nusu marathoni ya Kili inapanda karibu kilomita 10 za mwanzo kuelekea Mweka, kisha inageuka na kushuka. Kwa hiyo lengo lako tulifanyie hesabu. Muda wako wa kilomita 10 ukizidishwa kwa 2.2 unatoa saa 1 na dakika 59, lakini hiyo ni kwa aliyejenga umbali na njia ya kawaida. Kwa joto lile na mpando ule, saa 2 kamili ni tamaa. Panga 2:05. Kilomita 10 za kupanda, dakika 6 na sekunde 15 kwa kila moja, zinakuchukua dakika 62 na nusu. Kilomita 11.1 zinazobaki, kwa dakika 5 na sekunde 35, zinakuchukua dakika 62. Jumla saa 2 na dakika 4 na nusu. Kwenye mpando watakupita mamia. Kuanzia geuzo utawakuta, mmoja mmoja, wakitembea kwa sababu mapaja yao hayajawahi kushuka mlima yakiwa yamechoka, na yako yamejifunza. Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo mwaka 2025 kwa saa 2:09:48, akimshinda wa pili kwa sekunde 0.03. Tofauti hiyo ilipatikana mwishoni kabisa. Hakuna aliyempa medali kilomita ya tano.

Kunywa ukisikia kiu, funda tatu nne kila kituo. Kunywa maji kupita kiasi, kikombe juu ya kikombe tumbo likicheza, hupunguza chumvi kwenye damu na kunaweza kuua. Si jambo la utani. Kwa mbio za saa mbili unahitaji gramu 30 hadi 60 za sukari kwa saa. Kinywaji cha nyumbani kinatosha: lita moja ya maji, vijiko vikubwa vitano vya sukari vilivyosawazishwa, robo kijiko cha chai cha chumvi, ndimu moja. Kijaribu Jumamosi za mazoezi, usikianzishe Moshi. Mjue pia mwili wako: jipime kabla na baada ya mazoezi marefu ukiwa umevaa nguo zilezile, kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya jasho.

Diklofenaki kabla ya mbio, hapana. Wengi humeza moja asubuhi "kuziba maumivu", kisha joto, jasho na dawa vinaungana kuzibana figo, na tumbo linachafuka. Maumivu yanayohitaji dawa ili uanze mbio ni maumivu yanayokwambia usianze.

Safari ya basi kutoka Mbeya hadi Moshi ni siku nzima na zaidi. Fika siku mbili kabla. Ndani ya basi simama kila linapopumzika, pandisha na kushusha visigino ukiwa kitini, kula chakula ulichobeba. Chukua namba yako mapema, kata kucha siku nne kabla na si usiku wa kuamkia mbio, na paka mafuta ya mgando kwapani, chini ya mikanda ya sidiria na katikati ya mapaja.

Ukishamaliza, tembea dakika 15, kunywa, kula ndani ya saa moja. Usipande basi siku hiyohiyo; lala Moshi. Wiki moja bila kukimbia, ya pili dakika 30 mara tatu kwa mchakamchaka. Bonyeza ugoko tena ukingo wote, kama ulivyofanya mwanzo. Ukiwa kimya, una wiki za kutosha kuanza kuifikiria Tulia Marathon ya nyumbani, ambayo miaka ya karibuni imekuwa ikifanyika Mei, na hapo ndipo tutakapozungumza habari ya chini ya saa 2.